Fimbo ngumu au inayopinda? Tulinganishe mbinu na vifaa vya kuvulia besi

Kasia
Wakuu, naomba ushauri. Nina fimbo moja ngumu, na rili nimeijaza uzi wa kusukwa wa ratili 40, yaani unaohimili mvuto wa ratili 40, kwa kuwa niliambiwa besi ni samaki mwenye nguvu. Kwa mnyoo wa mpira napata vizuri. Nikifunga krenki, kile chambo kigumu chenye ulimi mbele na ndoano za matawi matatu, samaki wananitoka. Juzi nimepoteza wanne mfululizo: anashika, anaruka, anatikisa kichwa, uzi unalegea. Ninunue fimbo ya pili au nibadilishe uzi tu?

Chubwi
Nguvu za samaki ziweke kando. Rekodi ya besi mdomo mkubwa aliyoiweka George Perry kule Georgia mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia Japani mwaka 2009, ni kama kilo 10. Wengi tunaowatoa ni kilo moja au mbili. Uzi wa ratili 12 unawatosha kabisa kwenye maji ya wazi.

Chagua kuanzia kwenye ndoano, kisha uzi, kisha fimbo, rili mwisho. Mnyoo uliofungwa kwa mtindo wa Texas una ndoano moja nene, na ncha imefichwa ndani ya mpira isinase majani. Ncha hiyo lazima itoboe mpira kwanza ndipo itoboe mdomo. Hapo unataka fimbo ngumu, uzi usiovutika, na kukutua, yaani kuvuta ghafla kwa mkono wote.

Krenki ni kinyume. Ndoano zake ni nyembamba na ncha ziko wazi, kwa hiyo besi hujinasa mwenyewe akigonga. Ukimkutua kwa fimbo ngumu unapanua tundu mdomoni, au unamnyang'anya chambo kabla hajakifumba. Akiruka, hakuna kinachopinda kufuata kichwa chake, na ndoano inachomoka. Tafuta fimbo inayopinda mpaka karibu na katikati. Nyingi ni za nyuzi za kioo, au kioo kilichochanganywa na kaboni. Weka uzi wa florokaboni wa ratili 10 hadi 12. Akishika, usikutue. Zungusha rili kwa nguvu zaidi na uielekeze fimbo pembeni, basi.

MajiTulivu
Naunga mkono, ila ningeanza na uzi. Nailoni ya ratili 12 inavutika, itafidia sehemu ya ugumu wa hiyo fimbo. Hasara yake ni unene na kuelea: krenki haitafika kina ilichotengenezewa.

Nahodha77
Kama ni fimbo ya pili, mimi nisingeanza na ya krenki. Ningechukua nyepesi yenye rili ya spini. Chambo chini ya gramu 7 kinasumbua kwenye rili ambayo bobini inazunguka wakati wa kutupa: chambo hakina uzito wa kuvuta uzi, bobini inakimbia mbele yake, na unaishia na kiota cha ndege, yaani uzi uliosokotana kwenye rili. Kwenye spini bobini imetulia, uzi unajifungua wenyewe.

Na kuna siku za baridi, au maji maangavu, besi hafukuzi kitu. Siku hizo dropshoti inaokoa safari: chubwi chini kabisa, ndoano ndogo juu yake kama sentimita 30, na mnyoo mdogo unatetemeka palepale bila kusogea. Uzi wa kusukwa wa ratili 10, mbele yake mita mbili za florokaboni ya ratili 6 au 8. Ukikutua hapo kama kwenye Texas, umekata uzi.

Chubwi
Nahodha, hiyo ni kweli kwa maji maangavu. Kasia, ya kwako yakoje?

Kasia
Rangi ya chai. Upande mmoja magugu na yungiyungi, upande wa pili mawe, kina mita mbili hadi tatu. Asubuhi besi wanapiga juu kwenye majani.

BiNdoano
Basi fimbo yako ngumu usiiuze! Hiyo ndiyo ya chura wa mpira, chambo kinachoelea juu ya majani. Panda tu uzi wa kusukwa mpaka ratili 50. Usimfungie florokaboni, inazama na itamvuta pua chini.

Sasa tazama vizuri anapopigwa, maana hapa ndipo wengi wanapompoteza. Maji yanapasuka, chura anatoweka, mkono unataka kuvuta. Subiri. Shusha ncha ya fimbo, kusanya uzi uliolegea, usikie uzito, ndipo ukutue kwa nguvu zako zote. Kisha usimpe nafasi hata kidogo. Kichwa chake kije juu ya majani kabla hajajizonga kwenye mashina.

Kwa upande wa mawe nakubaliana na Chubwi, fimbo ya krenki. Chagua krenki inayozama kupita kina chako kidogo, ili ulimi ugonge mawe. Ikigonga, acha kuzungusha kwa sekunde moja. Mara nyingi anashika hapo hapo.

Kasia
Nimeamua: ngumu kwa magugu, ya kioo kwa mawe. Swali moja la mwisho. Florokaboni inanikatikia kwenye fundo, hata kwa samaki mdogo. Nakosea wapi?

Chubwi
Unalikaza kavu. Msuguano unatoa joto, na florokaboni ikiungua kidogo tu imekwisha nguvu. Lowesha fundo kwa mate, vuta taratibu, kisha liangalie kwa karibu: ukiona uzi umejikunja kama nywele juu ya fundo, kata ufunge upya. Mimi hutumia fundo la palomari. Na kwa kuwa unavua kwenye mawe, kila baada ya samaki pitisha mita moja ya mwisho ya uzi katikati ya vidole. Ukisikia mkwaruzo, kata kipande hicho.