Ndege wa Engaruka wahesabiwe mara ngapi kabla ya magadi kuchimbwa?

Mleta mada: Wakuu, tulijadili bila jazba. Kule Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, mpango wa kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka ulikwama kampuni ya India, Tata Chemicals, ilipojitoa mwaka 2008. Sasa macho yako Engaruka, Monduli, na hoja kubwa ni kwamba huko heroe (flamingo) hawazaliani. Nauliza: walihesabiwa lini, na wapi?

Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakaenda kutaga Ziwa Magadi, Kenya. Aliyepita pale mwaka uliotangulia angeandika kwamba si mahali pa kuzalia. Magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, watu wakaingia kuwavunjia mmoja mmoja. Ndege hawa hawana kalenda.

Na si heroe tu. Kwenye mbuga unatembea mstari ulionyooka alfajiri, unaandika kila ndege na umbali wake. Kichakani husimama dakika kadhaa ukisikiliza, maana wengi huwaoni. Penye maji unahesabu kundi kwa kundi kwa darubini. Mimi ningeanzia kwenye chemchemi: kiwanda kitataka maji baridi (yasiyo na chumvi), na ndege, ng'ombe na mashamba vyote vinayategemea hayo hayo.

Mchangiaji wa Monduli: Ndugu, mnatupenda sana tukiwa na ndege! Vijana wetu wanakwenda mijini kulinda mageti ya watu. Ukidai hesabu ya miaka mitano, mwekezaji anahamia kwingine. Mbona pale Ziwa Magadi kampuni ya kuchimba magadi ilianza tangu 1911 na heroe bado wanaonekana?

Mleta mada: Hapo umenibana, nusu. Heroe wanaonekana Magadi kwa sababu wanakwenda kula. Kuzaa, kwa kawaida wanarudi Natron. Wala sijasema miaka mitano. Nasema masika, vuli na kiangazi, angalau mzunguko mmoja kamili, na ukiangukia mwaka wa ukame, urudiwe. Mwekezaji alipe, ila asichague mhesabuji. Ripoti ya wiki mbili za Agosti mimi siipokei hata ikiwa na picha nzuri.

Wachungaji wanaojua chemchemi ipi haikauki nao walipwe kuhesabu. Najua, mkuu, posho hiyo haimtoi kijana getini.