Zumu ya 100-400, ya 200-600, au 70-200 na telekonveta: ipi ya kupanda nayo mlimani?

Jabali
Wakuu, kila msimu ukibadilika swali hili linarudi: lenzi ndefu ipi inamfaa mtu anayetaka mandhari ya milima na wanyama katika safari hiyohiyo? Tuchukulie lenzi pana (16-35 au 24-70) tayari imo begini. Ninazoweka mezani ni hizi (namba za kwanza ni urefu wa fokasi kwa milimita; f/ ni apacha, yaani tundu la mwanga, namba ndogo ni tundu kubwa):

A) 100-400 f/4.5-5.6. Takribani kilo 1.4, na nyingi hutumia filta ya milimita 77.
B) 200-600 f/5.6-6.3. Kilo 2.1 hivi kabla ya kuhesabu mguu wa tripodi, filta ya milimita 95.
C) 70-200 f/2.8 pamoja na telekonveta ya 2x (kipande cha vioo kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kukuza mara mbili). Kilo 1 hadi 1.5 kutegemea toleo, ongeza gramu 200 hadi 300 za telekonveta.

Kipimo cha haki ni ukubwa wa mnyama ndani ya fremu. Chukua mbuzi-mwitu mwenye urefu wa mita 1.3, amesimama ubavu, mita 50 kutoka ulipo, na kamera ya fulufremu (sensa kubwa, upana wa milimita 36) ya pikseli milioni 24, yaani upana wa pikseli 6,000. Kwa milimita 400 fremu inabeba upana wa mita 4.5, kwa hiyo mnyama anapata pikseli kama 1,730. Kwa 600 fremu ni mita 3 na anapata 2,600. Kwa 200 tupu fremu ni mita 9 na anabaki na 870 tu. Hiyo ni picha ya mlima wenye mbuzi, si picha ya mbuzi.

Kura yangu ni A, na sababu kubwa ni mandhari. Kati ya 100 na 200 ndipo matuta ya milima yanapobanana na kujipanga tabaka juu ya tabaka. B inaanzia pale ambapo nusu ya picha hizo zimeshapita. Halafu 100-400 nyingi zinalenga kuanzia kama mita 1, wakati 200-600 zinahitaji kama mita 2.4. Majira ya kuchipua, maua na vipepeo vinaingia kwenye lenzi ileile.

TripodiNzito
Mkuu Jabali, namba zako sawa lakini umeipunja B. Ukikata picha ya 400 ili ifanane na ya 600, unabaki na asilimia 44 ya pikseli. Milioni 24 zinakuwa kama milioni 10.7, na chengachenga za ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) nazo zinakuzwa pamoja na mnyama.

Jambo la pili ni umbo. 200-600 kadhaa huvuta kwa ndani, urefu wa lenzi haubadiliki. 100-400 nyingi huchomoza mbele ukivuta. Kwenye theluji au manyunyu, kila unapoirudisha ndani inaingia na unyevu ulioganda juu ya bomba lake. Anayetumia A majira ya baridi afute bomba kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha, kila mara. Asipofanya hivyo ataona ukungu ndani ya vioo, na huo haufutiki kwa kitambaa.

Uzito ni hoja kwa anayetembea saa sita. Kwa anayekaa sehemu moja akisubiri kulungu watoke msituni, gramu 700 si kitu.

Apacha28
Naona C imewekwa hapo ili ipigwe. Wadau, wanyama wa milimani wanatembea alfajiri na magharibi, na hapo shida ni mwanga kuliko umbali. Kati ya f/2.8 na f/5.6 kuna stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili): pale mwenye A anapohitaji ISO 6400, mwenye 70-200 tupu anapiga kwa ISO 1600 na kasi ileile ya shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde).

Nakubali lakini kwamba 2x si rafiki. Inakula stopu mbili, unapata 140-400 f/5.6 ambayo kwenye karatasi ni sawa na A. Kwenye picha, pembe za fremu zinalegea na fokasi inakuwa nzito kumfuata ndege. Telekonveta ya 1.4x ndiyo inayofaa kubebwa: inakula stopu moja, unapata 98-280 f/4, na ukali unabaki karibu na wa awali. Kwa hiyo C yangu ni 70-200 na 1.4x. Mnyama awe mkubwa, na sehemu ya mlima iwe ndani ya picha kwa makusudi.

BintiUkungu
Mnagombania milimita na hamjaitaja hewa. Kiangazi, jua likishapiga miamba, hewa ya moto hupanda na kutikisika, ndugu wa mazigazi yale ya barabarani. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo mtikisiko unavyokuzwa. Mtu anapiga mnyama aliye mita 200 kwa 600, shata 1/2000, tripodi imara, na manyoya yanatoka kama yamepakwa kwa brashi. Analaumu fokasi, anarudisha lenzi dukani. Lenzi haina kosa.

Namna ya kulitambua: piga fremu kumi mfululizo za kitu kisichosogea, mfano jiwe lenye mipasuko. Ukali ukibadilika kutoka fremu hadi fremu na kila moja imepinda kivyake, ni hewa. Zote zikiwa laini kwa namna moja, chunguza fokasi au kasi ya shata.

Dawa ni kupiga mapema kabla mawe hayajashika moto, kusubiri wingu, au kusogea. Hutokea hata kwenye theluji jua likiwa kali, na hutokea ndani ya gari lenye hita ukipitisha lenzi dirishani: hewa ya moto inatoka na ya baridi inaingia mbele ya kioo chako. Zima hita, acha joto lisawazike kwanza. Hata hudi ndefu (kinga ya jua ya mbele ya lenzi) iliyotoka begini ikiwa na joto huleta hali hiyohiyo kwa dakika chache.

Kwa hiyo kiangazi, mchana, B haikupi chochote ambacho A haina. Alfajiri inakupa.

MsafiriMwepesi
Mbona hakuna aliyetaja kamera ya sensa ndogo? 100-400 kwenye APS-C ni 600 ya bure, na kamera yenyewe nyepesi.

TripodiNzito
@MsafiriMwepesi si ya bure. Kinachohesabiwa ni pikseli ngapi zinamwangukia mnyama. APS-C ya milioni 24 inampa karibu mara 1.5 zaidi kwa upana kuliko fulufremu ya milioni 24, hapo uko sahihi. Lakini fulufremu ya milioni 60 ukiikata kwa kipimo cha APS-C inabaki na milioni 26 na zaidi kidogo, kwa hiyo mmelingana, na yeye bado ana fremu nzima kwa ajili ya mandhari. Mwenye sensa ya milioni 24 tu ndiye anayefaidika na ushauri wako.

MwanagenziPicha
Samahanini wakubwa. Ninajiandaa kwa milima yenye theluji. Nasikia picha hutoka za kijivu na betri hufa. Je, chaguo la lenzi linabadilika majira ya baridi?

BintiUkungu
Karibu. Ukijivu kwanza. Kipimamwanga cha kamera hudhani eneo unalolipima lina mng'ao wa wastani. Kikiona weupe mtupu, kinapunguza mwanga hadi weupe uwe kijivu. Weka fidia ya mwanga +1 theluji ikijaza nusu ya fremu, na kati ya +1.5 na +2 ikijaza yote huku jua likiwaka. Kisha angalia histogramu (grafu ya mng'ao wa picha): kilima cha grafu kinachowakilisha theluji kiwe karibu na ukingo wa kulia bila kuugusa. Washa onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua. Piga RAW (faili ghafi ya sensa).

Sasa mtego: mnyama mweusi akijaza fremu mbele ya theluji, fidia hiyohiyo inaunguza theluji, kwa sababu sasa weusi wake ndio unaovuta kipimo. Kwa wanyama wanaoingia na kutoka kwenye fremu tumia M (kupanga kila kitu kwa mkono): pima theluji mara moja, funga shata, apacha na ISO, badilisha mwanga wenyewe ukibadilika tu.

Theluji ya kivulini hutoka bluu kwa kuwa inaangaziwa na anga badala ya jua. Mizani ya weupe ya Kelvini 6500 hadi 7500 inaurudisha weupe. Usiisafishe yote, bluu kidogo kivulini ndiyo inayoonyesha baridi.

Jabali
Betri: kamera nyingi zimethibitishwa na watengenezaji kwa 0 hadi 40 °C. Chini ya hapo betri haijaharibika, ila kemia yake imepoa na haitoi umeme wa kutosha. Beba mbili za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyokufa irudishe mfukoni. Ikipata joto huamka na kukupa picha nyingine kadhaa. Kioo cha nyuma kuchelewa kuonyesha picha ni kawaida.

Hatari kubwa ni kurudi ndani. Funga kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje, ingia nayo, iache saa moja hadi mbili bila kufungua. Umande utajikusanya juu ya plastiki badala ya kioo. Toa kadi na betri kabla ya kufunga, maana ukishaingia hutavumilia kusubiri ili uone picha. Pakiti za silika jeli ni za kuhifadhia nyumbani. Hazina kasi ya kukuokoa hapa.

Na usipulizie lenzi pumzi kuisafisha. Itaganda. Tumia brashi.

TripodiNzito
Kuhusu lenzi majira ya baridi, MwanagenziPicha: theluji ikiwa inaanguka, fokasi hukamata chembe zilizo karibu badala ya mnyama. Lenzi nyingi za A na B zina swichi ya kuzuia umbali. Iweke kwenye upande wa mbali, punguza eneo la fokasi liwe dogo, washa utambuzi wa jicho la mnyama kama kamera inao, na punguza wepesi wa fokasi kuhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Shata 1/500 na zaidi husimamisha chembe. 1/60 hadi 1/125 huzigeuza mistari, lakini hapo mnyama lazima awe ametulia.

Tripodi kwenye theluji laini: usiifungue miguu hadi mwisho kisha ukaisukuma chini. Theluji huisukuma miguu nje, na bawaba hupasuka. Ifungue nusu, sukuma, iache ijitanue yenyewe. Anza kuchomoa kipande cha chini kabisa ili vifungo vibaki juu ya theluji.

Apacha28
Nyongeza kuhusu polaraiza (filta ya kuzungusha inayokata mng'ao), maana ni hapo A na C zinapoishinda B waziwazi. Filta moja ya 77 inakaa kwenye lenzi pana na kwenye 100-400 au 70-200 kwa pete ya kubadilishia. Ya 95 unainunulia B peke yake.

Msimu wa majani kubadilika rangi, polaraiza haina mbadala: inaondoa mng'ao juu ya majani yaliyolowa hata siku ya mawingu, na rangi ya kweli inatokea. Programu haiwezi kurudisha rangi iliyofunikwa na mng'ao.

BintiUkungu
Sawa, ila iwe na mipaka. Inafanya kazi zaidi nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Kwenye lenzi pana chini ya milimita 24 anga linatoka na doa jeusi upande mmoja. Juu sana mlimani, ambako anga tayari limekolea, ukiizungusha hadi mwisho anga linakaribia kuwa jeusi. Na wanyama wakitokea ivue: inakula stopu 1.5 hadi 2, A yako ya f/5.6 inakuwa kama f/10.

Filta ya UV kwa ajili ya utusitusi wa mbali ni kujidanganya. Vioo vya lenzi na vya mbele ya sensa vimeshaizuia UV. Inalinda kioo dhidi ya mchanga, basi.

MsafiriMwepesi
Utusitusi wenyewe si adui kila wakati. Ukiwa unalielekea jua, kwa 150 au 200, ndio unaotenganisha tuta moja na jingine. Ukiufuta wote kwenye programu, milima inabandikana.

MwanagenziPicha
Ahsanteni. Nina 70-300 f/4.5-5.6 tu kwa sasa, kamera APS-C milioni 24. Niiuze nichukue A?

Jabali
Bado. Kwenye APS-C, 300 yako inampa yule mbuzi wa mita 50 pikseli kama 1,950, zaidi ya 400 kwenye fulufremu ya milioni 24. Inayokukwamisha kwanza ni kasi ya shata. Anza hivi: mnyama amesimama 1/500, anakimbia 1/1600 hadi 1/2000, ndege arukaye 1/2000 hadi 1/3200, apacha wazi kabisa, ISO iachie ijipange yenyewe, ukomo 6400. Ukiona 300 inalegea ukali ikiwa wazi, funga hadi f/7.1 mwanga ukiruhusu.

Kwa mandhari ya lenzi ndefu, f/8 kwenye tripodi. Kumbuka kwa milimita 200, f/8, kwenye fulufremu, umbali wa kulenga ili kila kitu hadi upeo kiwe kikali ni kama mita 167, na kwako APS-C ni mbali zaidi. Kwa hiyo mti ulio mita 40 na kilele cha mbali havitakuwa vikali kwa pamoja. Piga fremu mbili, moja kwa mti na moja kwa kilele, uziunganishe.

TripodiNzito
Na ukizipiga fremu hizo mbili, subiri upepo utulie. Mti ukihama kati ya fremu, programu itakuachia vivuli viwili pembezoni mwa matawi. Begi likining'inizwa chini ya tripodi liguse ardhi kidogo, vinginevyo linabembea na kuitikisa.