Tupeane uzoefu: timu za misheni za muda mfupi na watoto wetu hapa Goma

Mkalimani wa Katindo
Shalom wandugu. Nimewakalimania kwa miaka mingi vijana wa makanisa ya Marekani na Ulaya wanaokuja majuma mawili hivi kusaidia watoto. Wanatua Kigali, wanashuka kwa gari hadi Gisenyi, sisi tunawapokea Grande Barrière, kituo cha mpakani. Wanakuja kwa moyo safi, hilo nalishuhudia. Ila wakishaondoka, tunaobaki na watoto ni sisi, na sijaona tukikaa chini tukaambiana tuliyoyaona. Uliyewapokea, uliyewapikia, uliyefundisha nao, hata wewe uliyekwenda misheni ya namna hiyo, tuelezee.

Naanza mimi. Kwenye uwanja wa kanisa, juu ya mawe ya volkano ya 2002, kijana mgeni alimwinamia mtoto wa miaka kama sita akamwambia: mwakani nitarudi, nitakuletea viatu. Nikatafsiri kama alivyosema, ndiyo kazi. Mwaka mzima yule mtoto alinishika shati kila Jumapili baada ya ekodim (shule ya Jumapili ya watoto): "Papa, ule muzungu wa kofia nyekundu anakuja lini?" Hakurudi. Siku hizi, kabla timu haijafungua masanduku, nawaketisha nawaambia ni marufuku kumwahidi mtoto kitu. Mwenye viatu amkabidhi mwalimu wa ekodim, maana yeye anajua nani anatembea pekupeku. Wanaelewa, na wengi wanashukuru kuambiwa mapema.

Mama Mpishi, Keshero
Asante kaka kwa kulianzisha hili. Mimi nilipika kwenye nyumba moja ya yatima, jina nalihifadhi. Ikitangazwa kwamba timu inakuja, watoto hawaendi masomo. Wanafua nguo, wanafanya mazoezi ya nyimbo asubuhi hadi jioni. Kulikuwa na binti wa la sita, mwaka wake wa TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, anasimama mstari wa mbele kwa sababu ana sauti nzuri. Kayeti (daftari) yake ya hesabu alikuwa ameificha chini ya sketi, akipewa nafasi anakaa nyuma ya jiko langu anapiga hesabu kwa kipande cha kalamu. Iliniuma sana.

Halafu wale wadogo. Mtoto wa miaka miwili akimkimbilia mgeni na kung'ang'ania miguu yake, wageni wanafurahi, wanasema ana upendo. Mtoto mwenye mama wa kila siku hamrukii asiyemjua, anajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Huyu amepita mikono mingi mpaka ameacha kuchagua. Na gari la wageni likiondoka, usiku huo wa kumbembeleza ni mimi.

Wengi wao hawakuwa yatima hata. Walikuwa na mama, au baba, au nyanya aliye hai, wameletwa kwa njaa na kwa kukosa pesa ya shule. Timu moja ilikuwa na mama mtu mzima, muuguzi. Aliingia jikoni akaniuliza: huyu ana nani huko nje? Nikamwambia ana nyanya yake Ndosho, anauza makala (mkaa). Tukaenda. Chumba cha mbao, kitanda kimoja, na furushi la nguo za mtoto ambazo nyanya alikuwa amezitunza tangu siku aliyomtoa, nyingine hazingemwenea tena. Wale wageni wakachanga mtaji wa makala, nguo ya shule na kayeti, wakaupitishia kwa kamati ya kina mama wa kanisa. Mtoto akarudi kwa nyanya yake. Yuko sekondari sasa.

Jirani wa Himbi
Mama amesema kweli tupu. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi, na likataja madhara ya watu wanaokwenda kujitolea kwenye nyumba za yatima. Kamati yetu ililijadili, na tangu hapo hatupeleki wageni huko.

Mzee wa kanisa, Sake
Mnakumbuka volkano ya 22 Mei 2021, kisha amri ya kuhama siku tano baadaye. Sake ilijaa watu. Watoto wengi walikuwa wamepotezana na wazazi njiani. Kulikuwa na timu iliyopanga kuja, wakaahirisha, lakini pesa ya tiketi wakatutumia. Tulinunua blanketi, sufuria na uniti za simu. Hizo uniti ndizo zilizofanya kazi kubwa! Kwenye kayeti tuliandika jina la mtoto, jina la mama, kartie (mtaa), kovu kama analo, halafu vijana wakapiga simu kanisa kwa kanisa, na orodha tukawapa Msalaba Mwekundu. Mgeni asingeweza kazi hiyo, hamjui hata mtu mmoja wa kumpigia.

Kijana wa kwaya, Majengo
Mimi nimekwenda mwenyewe, likizo kubwa, na kwaya yetu hadi kisiwa cha Idjwi kwa boti. Pasta wa kule alituwekea sharti kabla hatujaondoka: walimu wa kisiwani wasimame mbele, sisi tukae nyuma. Tukabeba maji, tukachonga mbao za madawati. Siku ya kwanza watoto wa Wambuti, jamii ya asili ya msituni, walikaa nje kwenye majani, hawataki kuingia. Mwalimu, mama wa pale pale, akatoka akawaita mmoja mmoja kwa jina. Wakaingia. Sisi tungewaitaje?

Dada wa Kadutu, Bukavu
Nimealikwa na kanisa kwenda Burundi na timu, majuma matatu, kusaidia watoto. Baada ya kusoma haya sijui niende ama niache.

Mkalimani wa Katindo
Dada, kwanza uliza nani amewaita. Kama ni kanisa la kule lililosema lenyewe linahitaji nini, hapo pana msingi. Uliza watoto watakuwa shuleni siku hizo ama wametolewa kwa ajili yenu. Uliza kama mtalala na kushinda kwenye nyumba ya yatima. Kama ndivyo, mimi nisingekwenda. Uliza nani anaruhusu picha na zinakwenda wapi. Kama unajua kushona, au hesabu za ofisi, wafundishe walimu na kina mama wao, wataendelea nayo. Majibu yakikuridhisha, panda gari, na ukirudi utuandikie hapa.

Mama Mpishi, Keshero
Na uulize anayewapikia analipwa na nani.