Intaneti ya faiba ya nyumbani: watu wanauliza bei halafu kimya, tunakosea wapi?

MauzoFaiba:
Wakuu habari za saa hizi. Niko mauzo kwenye kampuni ndogo ya intaneti ya nyumbani, tunatumia faiba na spidi tunayo kweli sio maneno. Tumeweka mabango, tumelipia matangazo kwenye mitandao ya kijamii, tumeandika spidi yetu, Mbps 100, kwa herufi kubwa kabisa, watu wanauliza bei halafu wanapotea. Bosi anataka tushushe bei, mimi roho inakataa maana tukishusha leo kuja kupandisha ni vita. Mnashauri nini?

FundiRuta:
Mkuu shida ni hiyo Mbps 100 yenyewe. Wateja wengi haiwaambii kitu, na anayedhani anaijua anafikiri ni megabaiti 100 kwa sekunde kumbe ni megabiti, baiti moja ina biti 8, kwa hiyo akipakua faili anaona megabaiti 12 na kitu tu anasema ameibiwa. Ongea mambo ya ndani ya nyumba: mama yuko kwenye kikao cha video, mtoto na katuni zake, mwingine gemu, saa mbili usiku, na hakuna anayemwambia mwenzake zima simu yako. Hiyo saa mbili usiku itaje kabisa, ndio muda wote wako hewani na ndipo mitandao mingi inaanza kuzunguka. Ila waulize mafundi wenu kwanza, kama ni GPON, yaani ule mfumo wa faiba moja kugawiwa nyumba nyingi, laini moja inashusha kama Gbps 2.5 (Mbps 2,500 hivi) na mara nyingi inagawiwa nyumba 32 au 64, msiahidi kisichobebeka.

DadaMasoko:
Naongezea, acha kutangazia watu ambao kebo haijawafikia. Mtu kavutiwa, kapiga simu, anaambiwa eneo lako bado, huyo harudi tena. Google Fiber, huduma ya intaneti ya faiba ya Google, walipoanza Kansas City kule Marekani 2012 waliugawa mji kwa mitaa, mtaa ukifikisha idadi ya waliojiandikisha ndio unajengewa, basi majirani wakawa wanahimizana wenyewe. Japo mitaa ya kipato cha chini ilibaki nyuma kujiandikisha, kwa hiyo usikae ofisini usubiri fomu zijazwe, huko nenda kwa miguu ukaongee na watu.

Mpangaji_4:
Mimi naongea kama mteja. Kampuni moja ilikuja kuniunganishia, fundi akaweka ruta nyuma ya TV kwenye kona kwa sababu waya uliishia hapo, akapima spidi akiwa amesimama pembeni ya ruta, akaondoka. Chumbani hakuna kitu! Nilihangaika wiki nzima nikijua ni intaneti mbovu kumbe ni waifai, ile ya masafa ya 5 GHz ina kasi ila kuta zinaikata, ya 2.4 inafika mbali lakini ni polepole na imejaa vifaa vya majirani. Hakuna aliyenieleza. Jirani zangu watatu waliniuliza vipi, nikawaambia wasithubutu. Ndugu yangu, hao watatu ndio tangazo lenu mlilopoteza.

FundiRuta:
@Mpangaji_4 umesema kweli tupu. Fundi asitoke mpaka apime kila chumba mteja akiwa anaona, na siku tatu baadaye apige simu aulize.

MauzoFaiba:
Asanteni sana, hapa nimeshaanza kuandika. Bango la Mbps 100 nalitoa. Naomba mafundi wanipe orodha ya mitaa ambayo kebo imeshapita na wateja bado wachache, nianze hapo nyumba kwa nyumba, na bei tusiiguse kwanza. Swali la mwisho, mteja akimleta jirani nimpe zawadi yeye au nimpe jirani?

DadaMasoko:
Wape wote wawili, mwezi mmoja bure kila mtu. Ukimpa mmoja tu, yule anayeleta anaona aibu kama vile anamuuza jirani yake. Na mpe baada ya jirani kukaa mwezi mzima, sio siku ya kufungiwa.