Jirani yangu kakosa dola 770 kwa sababu ya kipeperushi cha mbunge wetu wa jimbo (Pennsylvania)

Wakuu, habari za leo. Nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi na limenikaa kooni, leo lazima nilitoe.

Jirani yangu ni mjane, ana miaka 57. Tunafahamiana tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Mumewe alifariki wakiwa na miaka mitatu tu hapa Marekani. Anafua mashuka hotelini, saa chache kwa wiki, na mwaka 2024 mzima hakufikisha dola 15,000. Jumamosi nimetoka shifti ya usiku, hata viatu sijavua, akanigongea mlango na mfuko wa barua mkononi: "Mwanangu, nisomee hizi, nisije nikatupa ya maana." Mimi humwita mama mkubwa, na kila mwezi tunafanya hivyo.

Ndani ya mfuko kulikuwa na kipeperushi cha mwakilishi wetu, huyo mbunge wa jimbo, cha mwaka jana, cha mwezi wa tano. Karatasi nzito, inang'aa, kurasa nne. Picha zake nilizihesabu, zilikuwa kumi na moja: anakata utepe, yuko na wazima moto, yuko na watoto wa shule, anashikana mikono na mtu mwenye koti. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kuna kiboksi kidogo kama kiganja: marejesho ya kodi kwa wazee, mwisho wa kuomba 30 Juni. Kiboksi hicho mama mkubwa alikuwa amekizungushia kalamu ya bluu. Mwaka jana alimwita mwanawe wa darasa la nane amsomee, mtoto akamwambia ukweli kama ulivyoandikwa: "Mama, hii ni ya wazee." Akaiweka kwenye mfuko.

Ndugu zangu, ile haikuwa ya wazee peke yao!

Mpango huu upo Pennsylvania tangu 1971. Jimbo linakurudishia sehemu ya kodi ya jengo ukiwa na nyumba yako, au sehemu ya kodi ya pango ukiwa mpangaji. Wanaostahili ni wenye miaka 65 na kuendelea, NA wajane na wagane kuanzia miaka 50, NA wenye ulemavu kuanzia miaka 18. Sheria ya 2023 iliupanua sana. Zamani mpangaji akizidisha kipato cha dola 15,000 alikuwa hapati kitu, ikapandishwa hadi 45,000, na sasa kiwango kinasogezwa kila mwaka kufuata gharama za maisha. Malipo ya juu yalitoka dola 650 yakafika 1,000. Kwa kipato cha mama mkubwa yangekuwa dola 770. Kuomba ni bure, pesa zinatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo na michezo ya kamari, mtu hanyang'anywi chochote.

Kwa hiyo neno moja tu, "wajane", lingetosha. Kwenye kurasa nne za picha halikupata nafasi.

Na kuna la pili, ndilo limenichoma zaidi. Ile 30 Juni haikuwa mwisho. Jimbo lilisogeza tarehe hadi 31 Desemba 2025, kama linavyofanya karibu kila mwaka. Miezi sita mizima! Mimi napokea barua pepe za ofisi ile kila wiki, nimerudi nyuma nikazipitia zote kuanzia Julai mpaka Desemba, moja moja. Kuna siku ya kusaga karatasi za siri bure, kuna maonyesho ya magari ya kale, kuna shindano la picha za majira ya vuli. Tarehe mpya sikuiona hata mara moja. Na kipeperushi cha karatasi, ambacho ndicho kinachofika kwa mama asiye na barua pepe, hakikuja kingine mpaka mwaka umekwisha.

Jumatatu nikapiga simu ofisini kwake. Dada aliyepokea alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Akasema ya 2024 yameshafungwa, hayafunguliki. Nikamuuliza kwa nini kusogezwa kwa tarehe hakukutangazwa. Akajibu: "Tuliweka kwenye ukurasa wetu." Nikamuuliza kwa nini kiboksi kimesema wazee tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atapeleka maoni yangu.

Nilipomweleza mama mkubwa alikunja ile karatasi mara nne, akaipapasa juu ya meza, akasema, "Basi, Mungu atatoa kwingine." Hakulalamika. Mimi ndiye nilitoka pale mikono inatetemeka. Dola 770 kwake ni gesi ya kupasha nyumba joto tangu Desemba mpaka Machi. Baridi hii amezima hita vyumba viwili, analala sebuleni na mtoto.

Kwa mlioko nyumbani msiojua mambo ya huku: kila jimbo lina bunge lake. La kwetu liko Harrisburg, lina wawakilishi 203 na maseneta 50. Mwakilishi huchaguliwa kila miaka miwili na analipwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Ana ofisi mtaani, na kazi kubwa ya ofisi hiyo ni hii hii ninayoisema: kusaidia watu fomu za leseni ya gari, vyeti vya kuzaliwa, marejesho ya pango, msaada wa dawa kwa wazee. Kutangaza huduma ni kazi aliyoombea kura. Vipeperushi vile vinachapwa na kutumwa kwa pesa za umma, zikiwemo kodi ninazokatwa mimi kila Ijumaa.

Mwaka jana ndio tulihitaji habari kuliko wakati wowote. Bajeti ya jimbo ilitakiwa ipite kufikia 30 Juni, ikaja kusainiwa na Gavana Josh Shapiro 12 Novemba. Huku serikali kuu nayo ilifungwa kwa kukosa bajeti tangu 1 Oktoba mpaka siku hiyo hiyo ya 12 Novemba. Pesa za chakula za SNAP za Novemba hazikuingia mwezi ulipoanza. Msaada wa kupasha nyumba joto, ambao kawaida unafunguliwa mwanzoni mwa Novemba, ukasogezwa hadi Desemba. Watu walikuwa wanaulizana kanisani, wanaulizana kwenye basi: je, wiki ijayo tutakula nini? Barua pepe za mwakilishi wetu kipindi chote hicho zilikuwa aya baada ya aya kuwa chama kile kingine ndicho chenye makosa. Mimi siulizi nani alikosea. Mtu mwenye kadi tupu ya SNAP anataka kujua ni ghala gani la chakula liko wazi, siku gani, saa ngapi, aje na kitambulisho gani.

Halafu wakimbizi. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliwatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka wapate kadi ya ukaazi wa kudumu. Najua hiyo ni sheria ya Washington, mwakilishi wa jimbo hakuipiga kura. Lakini wilaya yake ina Wakongo na Warundi wengi, anawajua, amekuja kupiga nao picha. Angeshindwa nini kuandika mistari mitatu kuwaonya? Nilikuwa nyuma ya mama mmoja wa kanisani kwetu kwenye foleni ya duka, aliyefika mwishoni mwa 2024. Kadi yake ya SNAP ikagoma. Akairudia, ikagoma. Akaanza kurudisha vitu kimoja kimoja: mafuta, kuku, mwisho akabaki ameshika galoni ya maziwa, anamtazama mtoto. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa lugha anayoielewa. Barua aliipata, ilikuwa nyumbani haijafunguliwa, kwa sababu barua za serikali zimekuwa nyingi na zote ni Kiingereza.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema "jifunzeni Kiingereza". Mama mkubwa anakwenda darasani Jumanne na Alhamisi jioni, mwaka wa tatu sasa, baada ya kufua mashuka. Kusoma bango dukani anaweza. Fomu ya kodi inawashinda hata waliozaliwa hapa. Na lugha siyo kisingizio kwenye hili, maana hata angekisoma kile kiboksi kwa ufasaha kama mwalimu, kilikuwa kimeandikwa nusu.

Saa za ofisi nazo. Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Watu wetu wengi wako maghalani na kwenye viwanda vya nyama, ukiomba ruhusa ya nusu siku unapata pointi, pointi zikijaa unafukuzwa. Jumamosi moja kwa mwezi tu ingesaidia mno, saa mbili tatu, na mtu mmoja wa Kiswahili hata kwa simu. Sisi wenyewe tuko tayari kujitolea kutafsiri! Niliandika kuomba hilo mwezi wa tisa mwaka jana. Nilijibiwa na barua ya mashine inayonishukuru kwa kuwasiliana.

Sasa kwa walioko Pennsylvania, maana sitaki uzi huu uishie kwenye hasira zangu. Fomu za kodi ya pango mliyolipa 2025 zimeshafunguliwa. Inaitwa PA-1000. Mpangaji anaongeza karatasi ya uthibitisho wa pango inayosainiwa na mwenye nyumba, hiyo ndiyo huchelewesha wengi, kwa hiyo mfuateni mwenye nyumba mapema. Ukiwa unapokea Soshali Sekyuriti (malipo ya serikali kuu ya uzeeni au ya ulemavu), nusu yake haihesabiwi kwenye kipato, usijitoe mwenyewe kabla hujapiga hesabu. Tarehe ni 30 Juni, chukulieni hiyo ndiyo ya mwisho. Mjane wa miaka 50, mwenye ulemavu wa miaka 18, hii ni yenu. Mwambieni shangazi, mwambieni jirani.

Na wenye watoto mnaojaza kodi msimu huu: ile bajeti ya Novemba ilileta nafuu mpya ya jimbo kwa wafanyakazi, asilimia 10 ya ile EITC ya serikali kuu (nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo), inafika hadi dola 805. Kwenye barua pepe ya mwakilishi wetu ilipata sentensi moja, katikati ya lawama. Muulizeni anayewajazia kodi ameiweka au hajaiweka.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza kwa nini simtaji jina. Sitamtaja, kwa sababu mama mkubwa ana haki ya kutojulikana na mji wetu ni mdogo. Barua yangu kwake nimeandika na nimeisaini kwa jina langu kamili.

Mwingine kasema nimlaumu mtoto aliyesoma. Kaka, mtoto ana miaka 14, alisoma kilichoandikwa. Tangu jana hataki kula, anasema amemkosesha mama yake pesa. Nimemkalisha chini nikamwonyesha kile kiboksi, nikamwambia, "Soma tena, neno mjane liko wapi?" Akatafuta kurasa zote nne.

Ijumaa nimeomba ruhusa kazini. Tunakwenda na mama mkubwa ofisini kwa mwakilishi, na fomu ya 2025 imeshasainiwa na mwenye nyumba, na kile kipeperushi nakibeba. Tuko sita mpaka sasa. Aliye karibu na anaweza kuja, aniandikie faraghani.