Zana ya kuchambua "nyangumi" wa masoko ya utabiri inawapotosha mawakala wetu, na wenye zana hawataki kusikia

Wanajukwaa, salaam. Nimelipia zana hii kwa miezi mitatu mfululizo, na leo siwezi tena kunyamaza. Imetengenezwa kwa ajili ya mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazotafuta taarifa na kuandika ripoti kwa niaba yetu: wakala wako anauliza ni nani wanaoshikilia hisa nyingi katika soko fulani la Polymarket, jukwaa ambako watu hununua hisa za Ndiyo au Hapana juu ya matukio yajayo, zana inamrudishia orodha ya wamiliki wakubwa, wale tunaowaita nyangumi, pamoja na alama ya "msimamo" wa kila mmoja, yaani anaegemea upande gani na kwa kiasi gani, naye anaandika ripoti juu ya hayo. Sitaitaja kwa jina kwa sasa, kwa kuwa madai yangu ya kurudishiwa fedha bado yako mezani kwao.

Wiki iliyopita wakala wangu aliandika kwamba mmiliki mkubwa kuliko wote wa soko moja anaamini kwa dhati jibu la Ndiyo, kwa kuwa ana hisa 40,000 za upande huo. Nilipofungua mwenyewe kumbukumbu za mnyororo wa Polygon, leja ya umma (blockchain) inayorekodi miamala ya Polymarket, ambako salio la kila pochi, yaani akaunti ya kidijitali ya kuhifadhia hisa, liko wazi kwa yeyote, nilikuta pochi hiyohiyo ina hisa 38,000 za Hapana katika soko hilohilo. Aliyewahi kugusa masoko haya anajua kwamba dola moja ya kidijitali hugawanywa ikawa hisa moja ya Ndiyo na moja ya Hapana, na kwamba jozi hiyo ikiunganishwa hurudi kuwa dola ileile. Kwa hiyo hisa 38,000 kati ya zile 40,000 hazikuwa na msimamo wowote, na yaelekea mwenyewe ni mtengeneza soko anayeweka bei pande zote mbili na kula tofauti iliyo kati yake. Msimamo wake halisi ulikuwa hisa 2,000. Hiyo ni hesabu ya kutoa tu, na zana inayotoza ada kila mwezi haiifanyi.

Kwenye masoko ya wagombea wengi, ambako mshindi ni mmoja, mambo ni mabaya zaidi. Mwenye Hapana kwa wagombea wanne kati ya watano, kwa kiasi kilekile, kwa hakika amemwekea dau yule wa tano. Zana inamhesabu kuwa mpinzani mkubwa mara nne, na kwa mgombea anayemuunga mkono haimwoni kabisa.

Halafu pochi si mtu. Katika uchaguzi wa Marekani wa 2024, akaunti za Fredi9999, Theo4, PrincessCaro na Michie zilionekana kama watu wanne waliokubaliana kwamba Donald Trump angeshinda, mpaka Oktoba mwaka huo Polymarket yenyewe ilipoeleza kwamba zote zilikuwa chini ya raia mmoja wa Ufaransa. Baadaye wachambuzi wa Chainalysis, kampuni inayofuatilia miamala ya blockchain, walimhusisha na akaunti nyingine zaidi, na faida yake ikakadiriwa kufika dola milioni 85 hivi. Zaidi ya mwaka baada ya funzo hilo, tunauziwa zana ambayo bado ingewahesabu kuwa watu wanne, bila hata kujaribu kuangalia pochi zilipata fedha kutoka wapi na zilinunua saa ngapi.

Mtu akisoma jedwali la namna hii huweza kusita na kukagua pochi mbili tatu. Wakala hupokea anachopewa: akiambiwa msimamo ni asilimia 91, anaubeba ulivyo, anauweka kando ya bei ya soko, na anamkabidhi mteja sentensi iliyonyooka isiyo na shaka ndani yake. Ndiyo maana zana ya wakala ilipaswa kurudisha anwani ya pochi, salio la pande zote mbili na saa ambayo takwimu zilichukuliwa. Hii inarudisha jina la akaunti na alama, basi. Ripoti ile niliwatumia wateja wawili kabla sijaikagua. Kosa hilo ni langu, na nimewaandikia kuwaomba radhi.

Wenye zana wamenijibu kwamba niboreshe maelekezo ninayompa wakala wangu. Nawauliza hadharani: ni maelekezo gani yatakayomwezesha kuona salio ambalo hamkumpa?

Ninadai ada yangu ya miezi mitatu, na ninadai alama ya msimamo iondolewe mpaka watakapoanza kutoa hisa za Hapana kwenye zile za Ndiyo. Aliyelipia kama mimi achague soko moja, achukue salio la pande zote mbili la wamiliki kumi wa kwanza, kisha aweke hapa hesabu yake kando ya alama ya zana. Yangu ya wamiliki kumi naiweka kwenye chapisho linalofuata.