Zege la kujisambaza limeacha mstari ukutani baada ya dakika 50. Nani ananidanganya?

Mjengo254: Wadau, salamu. Niko saiti Kilimani, ukuta wa lifti, vyuma vimebanana hata ngumi haipiti. Injinia akachagua zege la kujisambaza, lile linalotiririka lenyewe bila vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishindiliwe. Lori la kwanza likamwaga hadi nusu ya fomu, yaani kiunzi cha mbao cha ukuta, laini kama uji. La pili likakwama kwenye jam ya Mombasa Road, likafika dakika 50 baadaye, tukamwaga juu. Leo tumevua mbao: mstari umekata ukuta mzima, utadhani umepigwa kwa rula. Foremani anasema la chini lilishashika. Muuzaji anaapa lilikuwa bado na zaidi ya saa 2 kabla ya kushika.

FundiKokoto: Hakuna anayekudanganya, ndugu. Zege lilikuwa limelala, halijashika. Chembe za saruji zikitulia zinavutana na kushikamana, halafu saruji inapoanza kuungana na maji, viungo hivyo vinakazika kila dakika. Ukilikoroga mapema vinakatika, linatiririka tena. Ndiyo maana pipa la lori huzunguka njiani. Kwa hiyo la lori la pili lilifika likiwa macho, la chini limelala; la juu likateleza juu yake bila kuchanganyika.

Kijana_wa_Saiti: Si mngemwagia maji kidogo liamke?

FundiKokoto: Wewe! Maji yanaua nguvu ya zege, na kokoto zinazama. Chukua nondo, chomachoma pale tabaka zinapokutana wakati la juu linaingia. Vaibreta usiizoee. Wajapani walibuni zege hili miaka ya 1980 kwa sababu mafundi hodari wa kushindilia walikuwa adimu.

InjiniaMama: Niongeze kidogo. Kulala huko kuna faida: zege lililokaza halisukumi fomu kwa nguvu, seremala wako anapumua. Ila likikaza haraka mno, tabaka hazishikani. Siku nyingine jaza zege koni mbili za kupimia kwa wakati mmoja. Inua moja papo hapo, nyingine iache dakika 20 ndipo uinue, upime zege limetandaa upana gani kila mara. Tofauti ikiwa kubwa, mwambie muuzaji abadilishe mchanganyiko. Na usianze kumwaga kabla malori yote mawili hayajafika getini. Kuhusu huo mstari, usiufunike. Mwite injinia wa muundo, atoboe kipande kinachopita katikati yake aone kama kumeshikana.

Mjengo254: Asante mama. Plasta ilikuwa ishaanza kukorogwa, nimewapigia simu waache.